Mti umegugunwa gome lote, mbona umejaa maua?

SWALI: Nina bustani nyuma ya nyumba yenye miti 14 ya matunda, yote ya kubebesha, ina miaka mitatu. Kiangazi hiki kuna mnyama anakuja usiku na kuguguna magome karibu na ardhi. Sijawahi kumwona. Miti mitano imeshaumia. Mmoja umevuliwa gome kuzunguka shina lote, upana wa kiganja hivi, lakini cha ajabu majani bado ni ya kijani na umetoa maua mengi kuliko mingine yote. Jirani ananiambia niache wasiwasi, huyo mnyama kaupogoa tu. Mwingine ananishauri nipake oili chafu ya gari na kuweka sumu ya panya. Kwa sasa nimefunga viroba vya plastiki kwenye mashina na kurundika nyasi kavu chini. Niendelee hivyo au nizungushe uzio? Na ule wenye maua, utapona?

JIBU: Nianze na huo wenye maua, maana ndio wenye haraka kuliko mingine yote. Hautapona wenyewe. Maua hayo si dalili ya afya, ni dalili kwamba chakula kimekwama juu na chini hakishuki kitu. Jirani yako ana nusu ya ukweli, na nitarudi kwake, lakini ukimsikiliza na nusu yake ya pili utaupoteza mti huku unautazama.

Chukua kisu kidogo, tafuta tawi zima lenye unene wa kidole, ulikwangue taratibu. Kwanza utaondoa ngozi ya nje, kavu, isiyo na uhai. Chini yake kuna tabaka laini lenye majimaji, la kijani au la rangi ya maziwa. Hiyo ndiyo njia inayoshusha sukari kutoka kwenye majani kwenda mizizini. Wataalamu wa mimea huiita floemu. Kwangua tena kidogo utafika mahali panapoteleza kama bamia. Hapo ni kambiamu, utando mwembamba kama karatasi, na ndio kiwanda cha mti: kwa nje hutengeneza gome jipya, kwa ndani hutengeneza mbao mpya. Baada ya hapo ni mbao tupu, ngumu, ambamo maji hupanda kutoka ardhini.

Mnyama anapoguguna huondoka na yale matabaka ya juu na kuacha mbao. Kwa hiyo maji yanaendelea kupanda kama kawaida, na majani hayana habari kwamba kuna msiba chini. Sukari nayo inashuka, inafika kwenye jeraha, inakuta njia imekatika. Inarundikana juu. Mti wenye sukari nyingi matawini huchanua, ndiyo hayo maua unayoyaona. Mizizi kwa upande wake inaishi kwa akiba ya wanga iliyobaki nayo. Akiba hiyo inaweza kudumu wiki kadhaa, inaweza kudumu miezi, na katika mti wenye nguvu hata mwaka. Ikiisha, vijizizi vidogo vinavyonyonya maji vinakufa, maji yanaacha kupanda, majani yananyauka ndani ya siku chache, na mwenye mti anasema umekauka ghafla. Haukukauka ghafla. Ulianza kufa usiku ule ule ulipogugunwa.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Katika karne ya 17 Marcello Malpighi wa Italia alivua pete ya gome kwenye miti akaona shina likivimba juu ya pete, si chini yake. Wakulima wa mizabibu hadi leo huvua pete makusudi ili matunda yanenepe. Ila wao huvua ukanda wa milimita chache tu, na jeraha la namna hiyo kambiamu huliziba baada ya wiki chache. Hapo ndipo ilipo nusu ya ukweli wa jirani yako. Upana wa kiganja ni jambo jingine: kambiamu ya juu na ya chini haziwezi kufikiana umbali huo kabla mizizi haijamaliza akiba. Ipo mimea ambayo kanuni hii haiigusi, kama mgomba na mnazi, ambayo mirija yake imetawanyika ndani ya shina, na mbuyu nao unasifika kwa kuotesha gome jipya hata baada ya kuchunwa vibaya. Miti yako ya matunda haimo katika kundi hilo.

Sasa ufanye nini? Una njia mbili, na kinachoamua ni mahali jeraha lilipo ukilinganisha na kovu la kubebeshea, yaani mahali tawi la aina uliyonunua lilipounganishwa na shina la mche mwingine. Piga magoti, futa udongo, tafuta mahali shina linapobadilika unene au rangi, mara nyingi pana kigongo au kona kidogo.

Kama jeraha liko juu ya kovu hilo, na kati yake na kovu limebaki gome zima lenye uhai hata la vidole vinne, mimi ningesubiri mvua zianze kisha nikate shina chini kidogo ya jeraha. Najua kukata mti unaochanua kunauma. Lakini mizizi yako ina miaka mitatu ardhini, na machipukizi yatakayotoka hapo yatakuwa ya aina ile ile uliyonunua. Chagua moja lililonyooka, yaliyobaki yaondoe. Linakua kwa kasi ambayo mche mpya hauwezi, kwa kuwa chini yake kuna mizizi mikubwa kuliko linavyostahili. Angalizo moja: usingoje hadi majani yaanze kunyauka, maana hapo mizizi haitakuwa na kitu cha kuchipushia. Ukiona yanalegea hata asubuhi kabla ya jua, kata siku hiyo hiyo, mvua iwepo isiwepo.

Kama jeraha limekula kovu lenyewe au liko chini yake, ukikata utapata machipukizi ya shina la chini, yaani mti wa matunda usiyoyajua, na itabidi ubebeshe upya. Hapo ndipo daraja linapofaa. Unachukua vikonyo vya unene wa penseli, vya tawi lililokomaa la mti huo huo, unachonga ncha zote mbili ziwe kama kabari, unapachika ncha moja chini ya gome zima lililo chini ya jeraha na nyingine chini ya gome lililo juu yake, kila baada ya sentimita 5 hadi 7 kuzunguka shina. Kikonyo kiwe kirefu kidogo kuliko pengo ili kipinde kama upinde. Shina likitikiswa na upepo lisikichomoe. Kisigeuzwe kichwa chini, kwani kilichogeuzwa hakifanyi kazi hata kikishika. Macho yaliyo juu yake yaondolewe yasichipue. Funga, ziba kwa nta. Lakini daraja linataka gome linaloachia mbao kwa urahisi, na kiangazi gome limeng'ang'ania. Mwagilia mti huo vizuri kwa wiki mbili tatu, ujaribu kwenye tawi dogo kama gome linabanduka bila kuchanika, ndipo uanze. Kama hujawahi kubebesha hata mche mmoja, usianzie hapa. Mwite mwenye mkono.

Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, toa maua yote leo. Mti huo hauna cha kulipia matunda.

Ile mingine minne, pima. Zungusha uzi kwenye shina, kisha angalia sehemu iliyovuliwa ni kiasi gani cha uzi huo. Ikiwa ni chini ya robo, mti utaziba wenyewe. Ikikaribia nusu, utaishi lakini utadumaa kwa msimu mmoja au miwili, basi uwekee maji na usiutwishe matunda mengi. Ikipita robo tatu, uhesabu pamoja na ule wa kwanza. Kingo za gome zilizochanika zikate kwa kisu kikali hadi ufikie gome lililoshikamana, uishie hapo. Usipake lami wala rangi ya mafuta juu ya kidonda. Mti hauponi kwa dawa ya kupaka, hupona kwa kukua kutoka kingoni, na lami hufungia unyevu unaozalisha ukungu. Kuna hali moja tu ninayofunika: ukikuta jeraha la usiku huo huo, mbao bado inateleza na haijakauka, usiipanguse mbao hiyo, funika kwa plastiki nyeusi, uifunge juu na chini, uiache wiki mbili hivi. Mabaki ya kambiamu yaliyo juu ya mbao wakati mwingine huotesha gome jipya. Likishakauka, huo mchezo umekwisha.

Tuje kwa mla gome mwenyewe. Hujamwona, na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha: wananunua kinga kabla ya kumjua mnyama. Hebu tusome meno. Chukua njiti ya kiberiti, ambayo unene wake ni kama milimita 2, uiweke juu ya mikwaruzo.

Mikwaruzo iliyo myembamba kuliko njiti, mingi, iliyopishana kila upande kama mtoto amechora, ni ya panya wa porini. Iko chini kabisa, pale palipofunikwa na nyasi, na mara nyingine inaendelea chini ya udongo. Ukifunua nyasi utakuta vijia vyembamba vilivyokanyagwa. Mikwaruzo iliyo mipana kuliko njiti, inayopanda hadi urefu wa goti au juu yake kidogo, pamoja na vitawi vilivyokatwa mshazari safi kana kwamba kwa kisu, ni kazi ya sungura mwitu. Mavi yake ni vipunje vya mviringo vilivyotawanyika. Nungunungu huacha mifereji mipana inayoingia hadi kwenye mbao, vipande vya gome vimetapakaa chini, amechimba kutafuta mizizi, na ukibahatika atakuwa ameangusha mwiba mmoja kama kadi ya utambulisho.

Swala na jamaa zake hawana meno ya mbele taya la juu. Hawawezi kukata, wanavuta na kuchana. Kitawi chao kina ncha yenye nyuzi, na gome linaning'inia kama tambara. Dume likisugua pembe huacha gome limechakaa usawa wa goti hadi kiuno, bila alama ya jino hata moja. Kumbuka mbuzi naye ana mdomo wa aina hiyo hiyo. Niliwahi kuitwa kumtafutia mtu dawa ya swala, nikakuta mavi yanayofanana na ya mbuzi, manyoya ya mbuzi kwenye seng'enge, na mbuzi mwenyewe amesimama ng'ambo anatutazama. Na kama hakuna meno kabisa, bali gome linabanduka lenye vijia vya udongo ndani, huyo ni mchwa, na jibu langu lote halimhusu.

Ukishindwa kusoma meno, tandaza majivu yaliyochekechwa au mchanga laini kuzunguka miti miwili, jioni, upana wa hatua moja. Asubuhi nenda kabla ya kuku na watoto.

Kwa maelezo yako, karibu na ardhi, usiku, kiangazi, mimi namshuku panya, na samahani kusema, huenda wewe ndiye uliyemjengea. Nyasi kavu zilizorundikwa hadi kwenye shina ni nyumba yake: kuna joto, kuna giza, bundi hamwoni, na ukuta wa chumba chake ni gome tamu. Kiangazi majani mabichi yameisha, na miche yako iliyomwagiliwa na kuwekewa mbolea ndiyo yenye maji na sukari kuliko chochote kilichobaki jirani. Matandazo ni mazuri, usiyatupe, ila yavute nyuma yaache duara tupu la sentimita 50 kuzunguka kila shina. Panya hapendi kuvuka uwanja mtupu. Viroba navyo vitoe leo hii. Plastiki iliyobana hufungia jasho, gome likalainika, wadudu wakaingia, na panya hutoboa kiroba kama unavyotoboa karatasi. Ubaya wake mkubwa kuliko wote ni kwamba kinakuzuia kuona. Ukivifungua, usishangae kukuta jeraha ambalo hukulihesabu.

Kinga ninayoiamini ni bomba la wavu wa waya linalozunguka shina bila kuligusa. Kwa panya, tundu lisizidi milimita 6. Wavu wa kuku haumsumbui, anapita. Kwa sungura tundu la sentimita 3 linatosha, na urefu uwe sentimita 60 hadi 75. Chimbia kitako chake sentimita 15 au zaidi. Kama ni nungunungu, ukunje wavu kwa nje kama sketi, upana wa sentimita 30, uufunike kwa udongo na mawe, kwa maana yeye huanza kuchimba pale wavu unapokutana na ardhi. Na kwake tumia wavu mgumu wa kuchomelea na vigingi imara. Ule laini anausukuma kwa kichwa. Swala wadogo wanataka urefu wa mita 1.2, wakubwa mita 1.8.

Uliuliza kuhusu uzio. Piga hesabu: bomba lenye kipenyo cha sentimita 20 linahitaji wavu wa kama sentimita 70 ukijumlisha pa kupandanisha. Kwa miti 14 ni kama mita 10. Bustani ya mita 20 kwa 20 inataka mita 80, nguzo, na lango ambalo siku moja mtu ataliacha wazi. Uzio huo, usipokuwa na tundu la milimita 6, panya atapita chini ya pua yako. Kwa miti michache nakushauri mabomba. Uzio una maana pale adui ni swala au nguruwe pori, au una miti mingi na mboga pamoja, na hapo waya wa umeme wa chini unaweza kusaidia kama utafyeka majani yasiuguse. Tumbili na ngedere hawazuiwi na hiki wala kile, ila hao huja mchana na kazi yao iko juu kwenye matawi.

Ukishaweka mabomba usiyasahau. Yakague angalau mara mbili kwa mwaka na kuyapanua shina linaponenepa. Waya ulioachwa ukabana shina hufanya kazi ile ile ya panya, polepole tu.

Oili chafu usiguse. Harufu yake kweli inaweza kumkimbiza mnyama siku chache, lakini mafuta hayo yana metali nzito na mabaki ya mwako, hupenya gome changa na kuua ile kambiamu tunayohangaika kuilinda, kisha mvua huyapeleka ardhini. Nimeona mashina yaliyookolewa na panya yakauawa na dawa. Dawa za kufukuza kwa harufu, zikiwemo zile za mayai, hazina madhara kwa mti, ila huoshwa na mvua na mnyama mwenye njaa huzizoea. Zitumie kama msaada wa wiki mbili wakati unatafuta wavu. Chokaa humkinga mti na jua kali, si na meno.

Sumu ndiyo ninayoipinga zaidi. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, haziui papo hapo. Panya aliyekula hutembea siku kadhaa akiwa mzito na mlegevu, na huyo ndiye bundi, paka au mbwa wako anayemkamata kwanza. Ukimuua bundi umejiongezea panya. Tena kama mhusika ni sungura au nungunungu, umemtegea asiyehusika, na nchi nyingi huchukulia kuwapa sumu wanyamapori kuwa kosa la jinai. Na nafasi ya panya aliyekufa hujazwa na mwingine mradi nyasi bado zimefika shinani.

Mwite bwana shamba au fundi wa kubebesha aje mwenyewe ikiwa huoni kovu la kubebeshea, ikiwa chini ya shina pamekuwa laini kama sifongo au panatoa harufu na utomvu, au ikiwa majeraha ya zaidi ya robo tatu ni mengi kuliko unavyoweza kuyashughulikia. Kama nyayo kwenye majivu ni za mnyama mkubwa, au ni kundi la nyani lisilokuogopa, usiende kulinda bustani usiku kwa tochi na fimbo; hilo ni la maofisa wa wanyamapori. Na ukiumwa au kukwaruzwa na mnyama yeyote wa porini, hata kidogo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha uende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Bwana shamba akija, usimwonyeshe mti tu. Piga picha ya kila jeraha ukiwa umeweka njiti ya kiberiti pembeni, moja ya mbali na moja ya karibu, na uhifadhi kipande cha gome au kitawi kilichokatwa ndani ya karatasi, si ndani ya plastiki kikaoza. Meno yanasomeka vizuri zaidi kabla jeraha halijakauka, basi picha hizo zipige leo, hata kama yeye atakuja wiki ijayo.